Shule za Serikali Chini ya Mlima Meru

Nimeona vema nikuelezeni safari ndogo niliyoifanya karibu na nyumbani kwangu. Si safari ya kuvuka bahari wala ya kupanda ndege. Zilikuwa safari tatu za daladala na miguu, kila moja nikatoka asubuhi na kurudi kabla ya Magharibi. Lakini zimenifunza jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote niliyokaa na watoto wa watu nikiwasomesha, na nadhani wako wazazi wengine wenye kosa kama langu.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Ngaramtoni. Huu ni mji mdogo ulio magharibi ya Mlima Meru, kiasi cha kilomita 12 kutoka Arusha mjini, juu ya barabara kuu iendayo Namanga mpakani mwa Kenya. Hewa yake ni ya baridi, na asubuhi nyingi mlima huo wenye urefu unaopita mita 4,500 hufunikwa na wingu mpaka jua likolee. Siku za gulio ni Alhamisi na Jumapili. Siku hizo Waarusha hushuka kutoka miteremkoni na ndizi na viazi, wafugaji huja kutoka nyanda kavu na mbuzi zao, na wauza mitumba hupanda kutoka mjini. Waislamu wa hapa ni mchanganyiko wa makabila, wengine wenyeji na wengine waliokuja kwa biashara wakaoa wakatulia.

Katika gulio hilo yuko mama mmoja mjane auzaye vitunguu na nyanya. Binti yake alikuwa mwanafunzi wangu, msikivu, mwenye hati nzuri, ambaye alikuwa amekwisha fika juzuu ya ishirini. Mwezi wa Oktoba mwaka 2024, binti huyo alipokuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba, mama yake alinijia baada ya Alasiri.

"Shikamoo, maalim," akasema, "nimekuja na shauri."

"Marahaba, mama. Sema, nakusikiliza."

Akanieleza ya kuwa yeye hana mali ila mtamba mmoja aliyeachiwa na marehemu mumewe, mtamba mwenye mimba. Shemeji yake amemshauri auze mtamba huyo, binti apelekwe shule ya binafsi ya bweni, kwa kuwa akiachwa atapangwa shule ya kata, na huko, kwa maneno ya shemeji, hakuna elimu. Ada ya mwaka mmoja ya shule ile ilikuwa karibu sawa na bei ya mtamba mzima. Alitaka kujua mimi nasemaje.

Ndugu wasomaji, nilimjibu pale pale pasipo kufikiri. Nikamwambia, "Mama, shule za kata ni za kusindikiza wengine. Uza, umsomeshe mtoto." Akainamisha kichwa, akashukuru, akaenda zake.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijiuliza: wewe uliyeishia darasa la saba, shule hiyo uliyoihukumu umeiingia lini? Umewaona waalimu wake? Tena umemwambia mjane auze mnyama mmoja kwa ada ya mwaka mmoja, na sekondari ni miaka minne. Mwaka wa pili atauza nini? Nikaona ya kuwa nimetoa fatwa katika jambo nisilolijua, na hilo kwa mwalimu ni aibu kubwa. Asubuhi nikamfuata gulioni nikamwomba asiuze kwanza, anipe majuma mawili nikatazame.

Yafaa nieleze kwanza shule hizi zilitoka wapi, maana vijana wengi hawajui. Pande hizi za Meru, Wamisheni wa Kilutheri ndio waliotangulia kufungua shule. Wazee wetu wengi walihofia dini za watoto wao, wakawazuia, na hofu yao ilikuwa na sababu, lakini hasara yake iliwafuata wajukuu. Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki, iliyoitwa East African Muslim Welfare Society na kuanzishwa mwaka 1945, ilijitahidi kujenga shule katika sehemu nyingi, ila hazikutosha. Baada ya uhuru, sheria ya elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za mashirika chini ya serikali, na mlango ukafunguliwa kwa watoto wa dini zote.

Mlango ulifunguliwa, lakini ulikuwa mwembamba. Mimi nilimaliza darasa la saba mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakati ule, katika watoto mia waliomaliza nchini, hawakufika kumi waliopata nafasi ya sekondari ya serikali. Jina langu halikutokea, nikarudi chuoni kwa maalim wangu nikaendelea na Qur'ani. Silalamiki, maana Mwenyezi Mungu alinifungulia riziki katika njia hiyo. Nasema tu ili vijana wajue ya kuwa nafasi wanayoidharau leo, baba zao waliililia.

Mwaka 2004 serikali ilianza mpango wa kuhakikisha kila kata ina sekondari yake. Wananchi walichanga fedha, mawe na mchanga, na serikali ikaezeka na kuleta waalimu. Mwaka ule sekondari za serikali zilikuwa 828 katika Tanzania Bara. Kufikia mwaka 2010 zilikuwa 3,397. Hizo ndizo ziitwazo shule za kata. Lakini majengo yalitangulia, waalimu wakafuata nyuma kwa mwendo wa kobe. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata sifuri, hata serikali ikaunda tume na matokeo yakapangwa upya mwaka 2013. Jina baya la shule hizi lilianzia hapo, nalo limebaki vinywani mwa watu hata pale mambo yalipobadilika. Kisha kwa Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015, ada iliondolewa kuanzia Januari 2016 mpaka kidato cha nne. Kabla ya hapo ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na 70,000 kwa wa bweni. Mwaka 2022 ikaondolewa pia kidato cha tano na cha sita.

Sasa nirejee safarini. Siku ya kwanza nilikwenda Ilboru. Najua msomaji atasema, Ilboru ni shule ya wavulana, binti wa mjane yahusu nini? Nilikwenda kwa sababu hapa kwetu kila mtu akitaka kuidharau shule yo yote huipima kwa Ilboru. Nikasema nikakitazame kipimo chenyewe. Unaiacha barabara kuu, unapanda upande wa mlima kati ya migomba na kahawa, mpaka unafika penye miti mikubwa na utulivu. Shule hii ilianza mikononi mwa Walutheri, leo ni ya serikali, na imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Arusha hii hii tunayokaa sisi wa Ngaramtoni.

Nilisimama na vijana wawili karibu na lango, wakanisalimu kwa adabu. Mmoja alitoka Mtwara, mwingine Kagera. Nikawauliza, "Vipi mmefika huku mbali?" Wakasema, "Tulichaguliwa, mzee wetu." Na hiyo ndiyo siri yake, wala si siri. Ilboru ni shule ya vipaji maalumu, kama zilivyo Kibaha na Mzumbe na Tabora kwa wavulana, na Kilakala na Msalato kwa wasichana. Huchukua watoto waliopata alama za juu kabisa katika nchi nzima, ikawalaza, ikawalisha, na saa za jioni wakawa na taa na kitabu. Hawaendi kuchota maji mtoni, wala hawachungi mbuzi, wala hawauzi nyanya gulioni. Namshukuru Mungu kwa shule hiyo, na yafaa tuiombee. Lakini nilipokuwa nikiteremka nilijiambia ya kuwa mtu anayeilinganisha shule ya kata na Ilboru ni kama alinganishaye mkulima wa miteremkoni, mwenye mvua na udongo mweusi, na mkulima wa nyika kavu, kisha akahesabu magunia tu. Mkulima wa nyika akipata magunia sita huenda amefanya kazi kubwa kuliko mwenzake aliyepata ishirini.

Siku ya pili nilikwenda katika shule ya kata iliyo karibu na barabara yetu, ile ambayo binti yule angepangwa. Sitaitaja jina, maana nitakayoyasema mengine si ya kupendeza, na waalimu wake walinipokea kwa heshima. Darasa moja la kidato cha kwanza nililihesabu wanafunzi zaidi ya 70. Maabara ilikuwapo, nzuri ya nje, lakini vifaa vyake vilikuwa haba. Mwalimu wa hisabati alikuwa mmoja kwa vidato viwili. Saa ya mchana makande yalipikwa, ila waliokula ni wale tu ambao wazazi wao walikuwa wametoa mchango waliokubaliana katika mkutano. Wengine walikaa chini ya mti wakisubiri kengele. Nikaona watoto wanne wa madrasa yangu miongoni mwa hao waliokaa chini ya mti, na baba wa mmoja wao namjua, ana maduka mawili.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo la kwanza. Serikali imeondoa ada, nasi wazazi tukaelewa ya kuwa imeondoa na jukumu letu. Mtoto wa kutwa hulishwa na mzazi wake. Mtoto aliyetoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akatembea saa nzima, na asitie kitu tumboni mpaka saa kumi jioni, hata angefundishwa na mwalimu bora duniani asingeshika hesabu za mchana.

Jambo la pili alinieleza mwalimu wa taaluma. Alisema, "Mzee, hawa watoto si wajinga. Wamesoma miaka saba kwa Kiswahili. Nyumbani wengine wanasema Kimaasai, wengine Kirangi. Wakifika kwetu tunawapa majuma machache ya kuzoea Kiingereza, kisha fizikia, kemia, biolojia, jiografia, yote kwa Kiingereza. Mwaka wa kwanza wote wanakariri maneno tu. Anayepata msaada wa lugha mapema, akivuka kidato cha pili, mara nyingi hutoka salama." Mimi nikakumbuka watoto wa alifu wanaokariri sura ndefu pasipo kujua neno moja la maana yake, nikaelewa vizuri asemavyo.

Jambo la tatu liliniuma. Mwalimu wa hisabati ni binti wa Kimeru, kijana, wala si wa dini yetu. Aliniomba tutoke kando, akasema kwa upole, "Shikamoo baba. Naomba nikuambie neno, usinikasirikie. Wanafunzi wako wa madrasa ni wenye adabu kuliko wengi. Lakini mimi vipindi vyangu vya ziada huwa saa kumi, na siku nne kwa juma ikifika saa kumi wao hukusanya vitabu wakakimbia kwako. Usiku nyumbani kwao wengi hawana taa. Hesabu wazifanye lini?"

Sikuwa na la kujibu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikilalamika mimbarani ya kuwa watoto wa Kiislamu wanabaki nyuma, na hukuzijua saa za shule wala hukuziuliza, ewe maalim! Sehemu ya deni hilo ilikuwa yangu.

Siku ya tatu nilipanda gari asubuhi nikaelekea kaskazini, njia ya Oldonyosambu. Ukiupita msitu wa kupandwa wa Olmotonyi, penye chuo cha misitu kilichoanza tangu mwaka 1937, nchi hubadilika mbele ya macho yako. Mlima huwa umezuia mvua nyuma yake, migomba hutoweka, majani huwa mafupi na ya rangi ya mchanga, na upepo hubeba vumbi. Maji ya pande hizi ni shida, na mengi yana madini ya floridi kupita kiasi, ndiyo maana utaona watoto wengi meno yao yamekuwa ya rangi ya kahawia. Nilishuka zaidi ya kilomita 30 kutoka mjini, nikatembea mpaka shule moja ya upande huo.

Nilitarajia kukuta hali mbaya kuliko zote. Majengo kweli yalikuwa ya kawaida, na vumbi lilikuwa limejaa madirishani. Lakini nilikuta bweni dogo la wasichana. Mkuu wa shule alinieleza ya kuwa zamani wasichana waliotoka maboma ya mbali walikuwa wakipanga vyumba karibu na barabara, vile vijana waviitavyo geto, wakijipikia wenyewe bila mtu mzima. Wengine walikatiza masomo kwa mimba, wengine waliozwa, wengine walichoka tu. Wazazi, wengi wao wafugaji ambao hawakusoma kabisa, walikutana, kila nyumba ikatoa mbuzi mmoja au thamani yake, wakajenga kuta, halmashauri ikasaidia bati na vitanda. Tangu hapo wasichana wengi wanaoanza kidato cha kwanza hufika cha nne. Mlezi wa bweni ni mama wa makamo wa pale pale kijijini, na ufunguo wa lango hulala chini ya mto wake.

Ndugu wasomaji, shule hiyo ukiitafuta kwa sifa ya ufaulu huenda usiione juu. Lakini mimi nikiulizwa ni ipi kati ya hizo tatu iliyonitia machozi, ni hiyo. Wazazi wasiojua kusoma walitambua shida ya shule yao ni nini hasa, wakaiondoa. Sisi wa barabarani, wenye maduka na redio na simu, tulikuwa tukikaa vibarazani tukisema shule ni mbovu.

Niliporudi nilimwendea kijana mmoja mwenye ujuzi wa mambo haya anisomeshe jinsi matokeo yanavyohesabiwa. Akanieleza ya kuwa kidato cha nne huchukuliwa masomo saba aliyofaulu vizuri mwanafunzi. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, na zaidi ya hapo ni sifuri. Zamani Baraza la Mitihani lilikuwa likitangaza shule kumi bora na kumi za mwisho, na magazeti yakazichapa. Mwezi wa Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya mwaka 2022, Baraza lilisema halitatangaza tena mpangilio huo, kwa kuwa shule hazifanani katika hali zao. Hata huko Ulaya jambo hili lina mabishano. Uingereza ilianza kuchapa orodha za namna hiyo mwaka 1992, na Wales, nchi iliyo pamoja nayo katika dola moja, ikaziacha mwaka 2001.

Mimi sisemi matokeo yasitazamwe. Mzazi asiyetazama matokeo ni mzazi aliyelala. Nasema orodha yakuambia shule ilivuna nini, haikuambii ilipanda mbegu gani wala ilipata mvua kiasi gani. Shule iliyompokea mtoto wa alama ya kwanza ikamtoa na alama ya kwanza imefanya vema. Shule iliyompokea mtoto wa alama ya tatu, mwenye njaa, asiyejua Kiingereza, ikamtoa na daraja la pili, nayo imefanya kazi ambayo huenda ni kubwa zaidi. Na wapo watoto wa namna hiyo kila mwaka katika shule zetu za kata, ila habari zao hazichapwi.

Kwa hiyo nilirudi kwa yule mama nikamwambia nilivyoona, mazuri na mabaya, wala sikumficha darasa la wanafunzi 70 wala uhaba wa waalimu. Nikamwambia, "Mama, mimi nilikukosea. Nilikushauri uuze kwa jambo nisilolijua. Sasa nakueleza nijualo, na uamuzi ni wako."

Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Maalim, mtamba akizaa, nitapata maziwa. Maziwa yanaweza kumlipia makande na taa na vitabu miaka yote minne. Nikimwuza, nitakuwa nimelipa mwaka mmoja, kisha nitamwondoa shule mbele ya wenzake."

Hesabu hiyo aliifanya mwenyewe, mama asiyepita darasa la nne. Shemeji yake hakupendezwa, akasema tunamfungia mtoto mlango. Mimi nami nilikuwa na hofu, sikatai. Ikiwa binti huyu atafeli, watu watasema maalim ndiye aliyemzuia. Lakini hofu ya kulaumiwa si hoja.

Ilibaki zamu yangu. Nilikutana na wazazi wa madrasa, nikawaambia nataka kuondoa masomo ya jioni ya wanafunzi wa sekondari, yawe Jumamosi na Jumapili asubuhi, kwa saa zile zile, zisipungue hata moja. Na siku nne za juma, baada ya vipindi vya ziada, chumba cha madrasa kibaki wazi mpaka karibu na Magharibi, kwa kuwa tuna umeme, watoto wafanye kazi zao za shule. Mzee mmoja aliinuka akasema, "Maalim, unaiuza Qur'ani kwa hesabu?" Nikamjibu, "Mzee wangu, saa za Qur'ani ni zile zile. Nilichohamisha ni siku. Neno la kwanza lililomshukia Mtume, rehema na amani zimshukie, lilikuwa amri ya kusoma, nami nisiwe mtu wa kuwazuia watoto wasisome." Akanyamaza, ingawa uso wake haukukubali mpaka leo. Wazazi watatu waliwaondoa watoto wao. Wengine walibaki.

Januari 2025 binti yule alianza kidato cha kwanza katika shule ile ya barabarani, amevaa hijabu nyeupe ya sare, akitembea na wenzake sita wa jirani ambao mama zao wamekubaliana wasiachane njiani. Mwisho wa muhula wa kwanza nilitazama karatasi zake. Kiswahili vizuri, Elimu ya Dini ya Kiislamu vizuri sana, hisabati ya wastani, Kiingereza duni, fizikia duni zaidi. Sikushangaa wala sikuvunjika moyo. Yule mwalimu wa Kimeru anasema hisabati yake inapanda. Mtamba amezaa ndama jike.

Sasa, ndugu mzazi, ukitaka kulinganisha shule usikae barazani. Nenda, na ukifika uliza haya. Kwanza, waalimu wa hisabati na sayansi ni wangapi, na kwa wanafunzi wangapi? Pili, mchana watoto wanakula nini, na ni wangapi wasiokula? Tatu, kati ya walioanza kidato cha kwanza, ni wangapi waliofika cha nne? Swali hili la tatu lakufunulia mambo kuliko orodha yo yote. Nne, binti atapita njia gani na saa ngapi, na maji na vyoo vya wasichana vikoje? Tano, mtoto akishindwa Kiingereza, nani humsaidia? Sita, kipindi cha dini kipo, na nani hukifundisha? Maana nafasi hiyo hutolewa katika ratiba, na Elimu ya Dini ya Kiislamu ni somo lenye mtihani wa taifa, lakini shule nyingi hukosa mwalimu kwa sababu sisi wenyewe hatukumpeleka. Na la saba jiulize wewe: mkutano wa wazazi wa mwisho ulikuwa lini, nawe ulikuwa wapi?

Baada ya hayo, mwenye uwezo wa shule ya ghali na ampeleke, hapana ubaya. Asiye na uwezo asijione amemtupa mwanawe. Shule ya karibu iliyo na mzazi ndani yake inaweza kumfikisha mtoto, na shule ya mbali iliyolipiwa kwa mtamba wa mwisho inaweza kumrudisha nyumbani njiani.

Mimi sasa hupita shuleni pale kila Jumatatu saa nne, nafundisha kipindi kimoja cha dini bila malipo, kisha nakula makande na watoto. Mchango wa wale wanne waliokuwa wakikaa chini ya mti umekwisha lipwa. Yule mwenye maduka mawili nilimwendea mwenyewe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awafungulie watoto wetu wote milango ya elimu yenye manufaa, wa mlimani na wa nyikani, wa kiume na wa kike. Wabillahi tawfiq.